Mwalimu, Malai na Swali la Mpemba

Kwa miaka mingi mlango wa nyumba ile ulitundikwa kibao cha bati kilichoandikwa kwa chaki: MALAI ZIPO. Kila alasiri watoto waliotoka chuoni walisimama hapo na sarafu zao mikononi, na aliyewafungulia alikuwa mzee mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Jina alilopewa na wazee wake halikutumiwa hata na wakwe zake, nami sitalitumia hapa. Alisomesha sayansi katika skuli za Unguja kwa miaka arubaini, akastaafu mwaka 2005, akafariki dunia mwaka 2021. Mola amrehemu.

Mtoto hakupewa malai yake bure bure, hata kama pesa alikuwa nazo. Kwanza aliulizwa: "Nikitia jokofuni maziwa ya moto na maziwa ya baridi, yepi yatakuwa barafu mwanzo?" Aliyejibu "ya baridi, babu" aliulizwa kama amepata kujaribu. Aliyejibu "ya moto" aliulizwa vivyo hivyo. Hakuna aliyeambiwa amekosea. Watu wazima waliopita njia walicheka wakasema mzee ameanza kuchoka, lakini sisi tuliokaa naye karibu tulijua kwamba swali lile lilikuwa ni deni, na kwamba hakuwa akiwalipa watoto wale bali mtoto mwengine.

Ili deni hilo lieleweke yafaa turudi nyuma. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walimu wengi wenye vyeti vya juu waliondoka visiwani. Tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na watoto ambao hawakutarajia kuingia darasani wakaingia. Skuli zikajaa wanafunzi wakati zikipungukiwa na walimu. Walikuja wageni kusaidia, miongoni mwao Wajerumani wa Mashariki, lakini pengo kubwa lilizibwa na vijana waliotoka kumaliza masomo yao wenyewe, waliokabidhiwa chaki wakaambiwa wasomeshe. Mwalimu, kijana wa Kipemba wa miaka kumi na tisa, alikuwa mmoja wao. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na alikisoma usiku ili akisomeshe asubuhi. Hadithi za fahari za kizazi kile tunazo nyingi. Za khofu yao hatunazo, na Mwalimu alikuwa mtu wa kwanza kunikiri mbele yangu kwamba miaka mitano ya mwanzo aliingia darasani akiomba asiulizwe kitu.

Akaulizwa. Aliniambia haya wakati wa giza lile kubwa la Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu kwa kuharibika njia ya waya uletao umeme kutoka bara. Jokofu lilikuwa limekufa, malai hakuna, watoto wameacha kubisha hodi, nasi tulikaa barazani na kandili moja. Alisema kwamba mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akisomesha maji kujaa na kupwa. Kitabu kilieleza kwamba kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho, kwa hiyo hakuna saa maalumu ya maji kujaa. Mtoto wa mvuvi, aliyekaa nyuma kabisa, akasimama akasema kwa Kiswahili, katika somo la Kiingereza: "Mwalimu, bamvua maji hujaa saa kumi. Siku zote."

Darasa likacheka. Mwalimu akacheka nalo, kisha akamwambia kwamba hayo ni maneno ya pwani, hapa tunasoma sayansi. Mwezi wa pili yake mtoto yule hakurudi skuli.

Msomaji wa pwani ameshajua nani alikuwa na haki. Dakika 50 kwa siku, zikikusanywa tangu mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu, hukaribia saa kumi na mbili, na kwa kuwa maji hujaa mara mbili kwa siku, saa hurudi pale pale ilipoanzia. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo katika bandari moja maji ya bamvua hujaa karibu na saa ile ile mwaka mzima, na kwetu Unguja saa hiyo ni kumi au kumi na kitu, alfajiri na alasiri. Kitabu kilisema kweli, na mtoto alisema kweli iliyomo ndani ya kweli ya kitabu. Mwalimu alikuja kuligundua hilo mwenyewe, kalamu mkononi, miaka mingi baadaye. "Nilimcheka mtu aliyekuwa mbele yangu kwa hisabati," alisema, "na hisabati yenyewe ilikuwa nyepesi."

Sasa nieleze Mpemba ameingiaje. Mwalimu alikuwa na nakala, iliyofifia kwa kutolewa nakala juu ya nakala, ya makala iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Kiingereza la walimu wa fizikia, Physics Education. Kichwa chake ni neno moja tu na alama ya kuuliza: Cool? Waandishi wake ni wawili, E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Mwalimu alikiri kwamba alipoliona jina la kwanza alidhani amempata ndugu yake wa Wete au Chake. La, Erasto Mpemba alikuwa mtu wa bara, na jina limefanana tu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kijana wa miaka kumi na tatu, kidato cha tatu, Skuli ya Magamba katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa pale walipenda kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaingiza jokofuni. Nafasi ilikuwa ndogo na wagombanao wengi. Siku moja mwenzake, kwa pupa ya kuiwahi nafasi, akayatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa pupa hiyo hiyo, akayatia yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Ya Mpemba yalikuwa aiskrimu, ya mwenzake uji mzito. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akanyamaza, lakini hakusahau. Akawakuta Tanga wauza aiskrimu wanaotia maziwa ya moto kwa sababu huwahi kuwa tayari. Wao hawakuhitaji ruhusa ya kitabu. Alipofika Skuli ya Mkwawa, Iringa, wakisoma kanuni ya Newton juu ya vitu kupoa, akauliza tena. Safari hii jibu lilikuwa la kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaipenda kejeli hiyo. Tangu siku ile kila alipokosea hesabu waliambiana kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Nimewahi kutungiwa mashairi ya dhihaka ukumbini, msomaji mpenzi, na najua namna jina la mtu linavyoweza kugeuzwa kibwagizo.

Hapo ndipo anapoingia Denis Osborne, mtu ambaye Mwalimu alimheshimu kupita masheha na mawaziri. Alizaliwa Uingereza mwaka 1932, akasomesha fizikia Ghana, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na mwisho wa mazungumzo Mpemba akasimama na swali lake: vyombo viwili sawa, maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote jokofuni, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakaona haya kwa niaba ya skuli nzima. Osborne hakuamini alichoambiwa, na aliandika hivyo bila ya kujificha. Lakini akaona kwamba si vyema kumcheka aulizaye, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwachia kazi kijana fundi wa maabara, naye akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kweli, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi.

Mwalimu hakuweza kulisimulia hilo la fundi bila ya kukohoa kwa kicheko. Alisema hiyo ndiyo picha yake yeye mwenyewe miaka ya sabini, anarudia mpaka kitabu kishinde.

Majaribio yaliyofuata yalitoa majibu yale yale, na makala ikaandikwa kwa sauti mbili: Mpemba anasimulia kwanza, Osborne anafuata na vipimo. Mpemba alikuwa wakati huo chuoni Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, kazi aliyoishi nayo hadi kustaafu. Osborne baadaye aliingia katika utumishi wa serikali yake, akawa balozi wao Malawi kuanzia 1987 hadi 1990, akafariki mwaka 2014. Mwalimu alizipata habari za kifo hicho kwangu. Siku ile hakuuza malai.

Nilianza kuitia makala ile katika Kiswahili mwaka huo wa giza, kwa ombi lake. Mimi si mtu wa vyuo. Skuli niliiacha kidato cha pili, na Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na redio. Nilidhani kazi itakuwa ya wiki moja. Nikakwama kwenye neno la mwanzo kabisa. Nimeandika "maziwa yaliganda", Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Mwanangu, hapa umempa mtu maziwa mabichi yaliyochacha." Kweli. Kwetu maziwa yaliyoganda ni mtindi. Maji huganda, samli huganda, damu huganda, na kila kimoja huganda kwa njia yake. Nikaandika "yalikuwa barafu". Akauliza: yakianza kuwa barafu ukingoni, au yalipokuwa barafu yote?

Nilidhani ni ukaidi wa mzee. Baadaye nikaona kwamba wataalamu wenyewe wamegombana hapo hapo. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza iliwaalika watu waeleze sababu ya ajabu hii, na zikaja barua elfu 22. Wako waliosema ni mvuke unaopunguza maji, wako waliosema ni hewa iliyomo majini, wako waliosema ni namna maji ya moto yanavyopanda na ya baridi kushuka, au ni ile tabia ya maji kupita chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba katika vipimo vyao hawakuliona jambo lenyewe: walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikihamishwa sentimita moja tu kinaweza kukuletea jibu jengine. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada wakaonyesha, kwa chembe ndogo mno zilizoelea majini, kwamba kitu chenye joto zaidi kinaweza kweli kuwahi kupoa kuliko chenye joto kidogo. Maji ya jokofuni bado yana ubishi wake. Tena kabla ya wote hao Aristotle alikwisha kuligusa jambo hili, na Bacon na Descartes pia.

Nilipomsomea habari ya mwaka 2016 nilikhofia atahuzunika. Alinyamaza kidogo, akasema Mpemba hakudai kwamba ana jibu, alisema nimeona hivi, nambieni kwa nini. Na Osborne hakumwambia umepatia, alimwambia nitajaribu. Kama vipimo vya leo vinasema vyengine, na vijaribiwe tena.

Lakini nisimfanye Mwalimu walii. Kwa wanawe alikuwa mkali, na wawili kati yao walikimbia sayansi kwa sababu yake. Na alikuwa na makosa moja aliyokataa kusahihishwa, nalo ni lile la mtoto wa bamvua.

Alimtafuta. Alimpata katikati ya miaka ya tisini, kwenye diko moja kaskazini, nahodha wa mashua yake mwenyewe. Alimweleza kisa chote na kumtaka radhi. Nahodha akamwambia hakumbuki. Aliacha skuli, alisema, kwa sababu baba yake aliumia mgongo na nyumbani hapakuwa na mtu wa kwenda baharini. Mwalimu hakuamini mpaka anakufa. Alishikilia kwamba yule bwana alimfichia kwa adabu. Mimi nimeonana na nahodha mazikoni, nikamuuliza kwa upole, naye akanijibu neno lile lile: "Sikumbuki, kaka." Kisha akaniuliza kama ile nyumba bado wanauza malai, kwa kuwa wajukuu zake wanamsumbua.

Daftari la Mwalimu limebaki kwangu. Ni daftari la skuli la kurasa mia, kila ukurasa umepigwa mistari ya rula: tarehe, jina la mtoto aliyejaribu, kikombe cha moto, kikombe cha baridi, kipi kilitangulia. Kumeandikwa "moto" mahala pengi, na "baridi" mahala pengi. Safu ya mwisho ina maelezo ya watoto wenyewe, kwa mikono yao: mlango haukufungwa vizuri, umeme ulikatika, kaka alikula. Mmoja ameandika "sijui", na pembeni yake Mwalimu ametia alama ya vyema kwa wino mwekundu. Tafsiri yangu bado haijakamilika. Mahala pa neno lile nimeacha nafasi.