Mbio za parkrun: Kilomita 5 za bure kila Jumamosi, zinavyofanyika na namna ya kushiriki

Hakuna kiingilio. Hakuna namba ya kubandika kifuani. Hakuna medali, na hakuna atakayekushangaa ukitembea mwanzo mwisho.

Ndivyo zilivyo parkrun, mbio za kilomita 5 zinazofanyika Jumamosi asubuhi kwenye bustani za umma, katika maeneo zaidi ya 2,000 duniani. Kwa anayeishi London, Manchester, Johannesburg au Melbourne, kuna uwezekano mkubwa ipo moja isiyo mbali na anapokaa. Wengi hupita pale, wakaona watu wamevaa raba na wengine wamevaa vizibao vya rangi ya kung'aa, wakadhani ni mashindano ya klabu fulani, wakapitiliza.

Si mashindano, na si ya klabu. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya Jumamosi ijayo.

Ilianzaje?

Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 2004, kwenye bustani ya Bushy Park, kusini magharibi mwa London. Paul Sinton-Hewitt, mkimbiaji aliyekulia Afrika Kusini, alikuwa majeruhi. Kukimbia na wenzake hawezi, lakini kuwakosa hataki. Akaamua kuwaandalia mbio za kupima muda: wao wakimbie, yeye na wachache wa kumsaidia washike saa, halafu wote wakae wapige stori na kahawa.

Walijitokeza wakimbiaji 13.

Vifaa vilikuwa vya kuungaunga. Siku hizo za mwanzo, namba za nafasi walizopewa waliomaliza zilikuwa zimegongwa kwenye washa, vile viduara vya chuma ambavyo fundi huweka chini ya nati.

Wiki iliyofuata wakarudia. Na iliyofuata. Kwa zaidi ya miaka miwili mbio zilibaki hapo hapo Bushy, hadi Januari 2007 zilipofunguliwa nyingine Wimbledon Common, pia London. Jina la parkrun lenyewe lilikuja baadaye.

Afrika zilifika mwaka 2011 kupitia Delta Park, Johannesburg. Aliyezileta ni Bruce Fordyce, bingwa mara 9 wa Comrades, zile mbio ndefu za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Baadaye zikavuka hadi Namibia na Eswatini.

Unajisajili vipi?

Mara moja tu, kwenye tovuti ya parkrun, bila malipo. Ukimaliza unapewa msimbopau wako, ile mistari myeusi na nyeupe kama ya bidhaa za supamaketi, pamoja na namba inayoanza na herufi A.

Huo msimbo ni wako siku zote na unatumika nchi yoyote yenye parkrun. Aliyejisajili Johannesburg akisafiri kwenda London anaenda nao huo huo. Hahitaji kuomba nafasi wala kutoa taarifa kwamba anakuja.

Unaweza kuuchapisha kwenye karatasi au kuuonyesha kwenye simu. Ushauri wa bure: chapisha. Jasho, mvua na betri ya asilimia 2 havina urafiki na simu.

Siku yenyewe inakuwaje?

Muda wa kuanza unategemea nchi. England na Wales ni saa 3:00 asubuhi. Scotland na Ireland Kaskazini ni saa 3:30. Afrika Kusini, ambako jua halichelewi, nyingi huanza saa 2:00.

Fika mapema, kama dakika 15 kabla. Wageni huitwa pembeni wakaelezwa njia ilivyo: mizunguko mingapi, wapi kuna tope, wapi pa kuwapisha wapita njia. Maana bustani haifungwi. Kuna mtu na mbwa wake, kuna mama na mtoto, kuna baiskeli, na wote wana haki sawa na wewe.

Kisha kiongozi wa siku anatoa maneno mawili matatu, anawashukuru waliojitolea, na mnaondoka. Wenye kasi hukaa mbele, wa polepole nyuma. Hakuna anayekupanga, unajipanga mwenyewe.

Muda wako unapatikanaje bila chipu kwenye kiatu?

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo soma taratibu.

Kwenye mstari wa kumalizia kuna mtunza muda. Kila anayevuka, yeye anabonyeza kitufe. Hajui jina lako, anachorekodi ni kwamba mtu wa 1 kavuka dakika fulani, wa 2 dakika fulani, hadi wa mwisho.

Hatua chache mbele, ndani ya njia nyembamba iliyozungushiwa utepe, kuna mtu anayegawa kadi ndogo za plastiki zenye namba ya nafasi. Ukiwa wa 87 unapewa kadi ya 87.

Unakwenda na kadi hiyo kwa mwenye skana. Anaskani msimbo wako, kisha kadi. Sasa mfumo unajua kwamba nafasi ya 87 ni wewe, na muda wa 87 ni wako. Baadaye siku hiyo hiyo, matokeo yanakuja kwa barua pepe.

Mfumo ni rahisi, ila unategemea uaminifu wa kila mtu. Mambo matatu yanauvuruga:

• Kuondoka na kadi. Irudishe, ni ya wiki ijayo pia.
• Kutoka kwenye foleni au kumpita mtu baada ya kuvuka mstari. Ukifanya hivyo, muda wako unakuwa wa mwenzako, na wake unakuwa wako.
• Kusindikiza rafiki kupita mstari mara ya pili. Kitufe kinabonyezwa, na walio nyuma yako wote wanasogezwa.

Ukisahau msimbo hufukuzwi. Unakimbia kama kawaida, ila kwenye matokeo nafasi yako inabaki bila jina.

"Nitakuwa wa mwisho, nitachekwa"

Hii ndiyo hofu inayowabakisha watu wengi nyumbani, hasa wenye uzito mkubwa, waliokaa miaka bila mazoezi, au waliotoka kuugua.

Jibu lake liko kwenye kanuni: huwezi kuwa wa mwisho. Kila wiki kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote. Ukichoka anapunguza mwendo. Ukisimama anasimama. Yeye ndiye anayevuka mstari mwisho, na kwenye matokeo jina lake ndilo linaloandikwa chini kabisa.

Hakuna muda wa ukomo pia. Tangu mwaka 2022 umeongezwa wajibu mwingine wa kujitolea: watu wanaotembea kwa makusudi katikati ya kundi, ili anayekuja kutembea asijione mpweke.

Kadiri miaka inavyokwenda, wastani wa muda wa washiriki umekuwa mrefu zaidi. Kwenye mbio nyingine hilo lingeonekana ni kushuka kwa kiwango. Hapa waandaaji wanalihesabu kama mafanikio, kwa sababu lina maana kwamba wanaokuja si wanariadha pekee.

Watoto, mbwa na vigari

Mtoto wa miaka 4 na zaidi anaweza kushiriki kilomita 5, lakini aliye chini ya miaka 11 lazima awe na mtu mzima wa kumwangalia, karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Kukimbia ukamwacha nyuma hairuhusiwi.

Nchi kadhaa, ikiwemo Uingereza, zina pia mbio za watoto za kilomita 2 kila Jumapili, kwa umri wa miaka 4 hadi 14.

Mbwa ni mmoja kwa mtu, kamba fupi, na kamba ishikwe mkononi, si kufungwa kiunoni. Baadhi ya bustani haziruhusu mbwa kabisa, kwa hiyo angalia ukurasa wa eneo lako kwanza.

Nani analipa?

Swali zuri, maana cha bure kwako kuna mahali kinagharamiwa. Fedha za uendeshaji hutoka kwa wadhamini, wachangiaji na mauzo ya nguo. Lakini mtaji mkubwa ni watu wa kujitolea: mtunza muda, mgawa kadi, mwenye skana, waelekezaji wa kwenye kona. Wasipojaza orodha, mbio za wiki hiyo hazifanyiki. Hulazimishwi, ila mshiriki wa kudumu hutarajiwa mara moja moja aache kukimbia na avae kizibao.

Huo ubure uliwahi kujaribiwa. Mwaka 2016, baraza la Stoke Gifford, karibu na Bristol, lilipiga kura mbio za Little Stoke Park zilipie kutumia bustani. Hoja yao ilikuwa na uzito: mamia ya watu kila wiki wanachakaza njia, na watumiaji wengine wa viwanja wanalipa, kwa nini hawa wasilipe?

Waandaaji wakakataa. Walisema wakilipa mahali pamoja, mabaraza mengine yatadai, na mwisho wa siku gharama itamshukia mshiriki. Hawakuelewana. Mbio za Little Stoke zikafa.

Nani alikuwa sahihi? Inategemea unaonaje bustani ya umma. Lakini kwa aliyekuwa akitoka nyumbani Jumamosi na raba tu, bila hata senti mfukoni, jibu la kura ile lilikuwa ni lango lililofungwa.

Mzozo wa rekodi

Februari 2024 ulizuka mjadala mwingine. Tovuti ya parkrun iliondoa orodha za rekodi za njia na za wenye kasi zaidi. Waandaaji walisema orodha hizo zinawatisha wanaoanza, wanaona hapa si mahali pao. Wakimbiaji wa kasi wakalalamika, wengine wakisema kumficha wa kwanza hakumsaidii wa mwisho.

Kilichobaki ni muda wako binafsi. Kila wiki unaona umefanyaje ukilinganisha na wewe wa wiki zilizopita.

Kinachohesabiwa zaidi ni mahudhurio. Kuna fulana za kufikisha mara 25, 50, 100, 250, 500 na 1,000. Kujitolea nako kunahesabiwa. Fulana yenyewe unainunua ukitaka.

Kutoka hospitali hadi gerezani

Mwaka 2018 chama cha madaktari wa familia Uingereza kilianza ushirikiano na parkrun. Kliniki zinajiunganisha na mbio za jirani, na daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa huko badala ya kumwambia tu "fanya mazoezi" na kumwacha hajui aanzie wapi.

Mwaka mmoja kabla, 2017, mbio hizi zilianza ndani ya gereza la Haverigg, kaskazini magharibi mwa England. Kilomita 5 zile zile na utaratibu ule ule, ila ndani ya uzio. Magereza mengine yakafuata.

Angalizo: kama una tatizo la moyo, presha isiyotulia, au unapata maumivu ya kifua ukijitahidi, muone daktari kwanza. Na kutembea kunahesabika, hakuna haja ya kulazimisha.

Kama hakuna parkrun karibu na wewe

Mfano huu unaigika. Dar es Salaam, kwa mfano, klabu za jogging si jambo geni. Wikiendi alfajiri unakutana nazo barabarani, sare moja na nyimbo za mchakamchaka. Raha ipo. Lakini anayeanza leo akishindwa kwenda na mwendo wa kundi, mara nyingi hubaki peke yake barabarani, na Jumamosi inayofuata haji.

Kikundi kinachotaka kumbakisha huyo kinaweza kuazima mambo haya:

• Mtu wa nyuma. Mmoja apewe kazi ya kumaliza mwisho, kila wiki, kwa zamu.
• Njia moja, saa ile ile. Asiye na bando wala kundi la WhatsApp ajue tu kwamba Jumamosi saa 12:30 watu wapo pale.
• Umbali uliopimwa. Uwanja wenye njia ya mita 400, mizunguko 12 na nusu ni kilomita 5 kamili.
• Mahali pasipo na magari. Uwanja wa shule au ufukwe wakati maji yamekupwa ni salama kuliko pembeni ya barabara kuu. Ila ombeni ruhusa kwa mwenye eneo.
• Muda uandikwe. Simu moja na daftari vinatosha. Mtu akiona ametoka dakika 52 hadi 49, atarudi.
• Sare isiwe sharti. Siku fulana inapokuwa lazima, kuna mtu atabaki nyumbani kwa kukosa hela yake.

Kwa kifupi

• Gharama: bure
• Umbali: kilomita 5, kukimbia, kutembea au kuchanganya
• Siku: Jumamosi asubuhi, saa inategemea nchi
• Cha kubeba: msimbopau na maji
• Cha kuvaa: raba ulizonazo
• Cha kurudisha: kadi ya nafasi