Mratibu wa utafiti wa kitabibu

Mratibu wa utafiti wa kitabibu ni mtu anayesimamia shughuli za kila siku za jaribio la dawa, chanjo au kifaa tiba katika kituo cha utafiti. Hufanya kazi chini ya mtafiti mkuu, kwa kawaida daktari, ambaye ndiye mwenye dhamana ya jaribio. Hata hivyo, mara nyingi mshiriki humwona mratibu kuliko anavyomwona daktari huyo. Wengi wa waratibu ni wauguzi, matabibu au wafamasia.

Kazi zake

Kabla ya jaribio kuanza, mratibu huandaa nyaraka za kuombea kibali cha kamati ya maadili. Baadaye huchuja wanaotaka kushiriki kwa kufuata vigezo vya itifaki, hupanga tarehe za marudio na kutunza kumbukumbu. Kipimo ambacho hakikuandikwa huhesabiwa kuwa hakikufanyika. Mshiriki akilazwa au akifariki, taarifa hupelekwa kwa mdhamini haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24, hata kama tukio linaonekana halihusiani na dawa.

Ridhaa

Sehemu nyeti zaidi ni ridhaa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na miongozo iliyofuata hudai mshiriki aelezwe lengo, hatari na haki ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Asiyejua kusoma huweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti. Saini peke yake haitoshi: wagonjwa wengi hudhani kila wanachopewa ni tiba iliyokwisha kuthibitishwa, na ni juu ya mratibu kuwaondolea dhana hiyo, ingawa naye anatakiwa kufikisha idadi ya washiriki. Katika pwani ya Afrika Mashariki hukutana pia na hofu ya kutolewa damu, inayochochewa na uvumi wa kale wa mumiani. Hapo maelezo kwa lugha ya nyumbani husaidia kuliko fomu ndefu.

Mfano: chanjo ya malaria

Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S lilifanyika kuanzia 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Watoto 15,459 waliandikishwa. Kundi la ulinganisho lilipewa chanjo nyingine: ya kichaa cha mbwa kwa wenye miezi 5 hadi 17, na ya homa ya uti wa mgongo kwa wachanga. Wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani, na ilibidi wafuatiliwe kwa miaka kadhaa, hata waliohama. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana mnamo Oktoba 2021.