City Park, Nairobi

City Park ni bustani ya umma iliyoko Parklands, Nairobi, kando ya Barabara ya Limuru. Ina ukubwa wa takriban hekta 60. Zipo nyasi na maua yaliyopandwa tangu enzi za ukoloni, lakini thamani yake kubwa ni msitu wa asili, mabaki ya ule uliofunika miinuko hii kabla ya reli kuja na mji kuota.

Wenyeji wake wanaojulikana zaidi ni kima, wenye koo jeupe na mkia mrefu. Kwa kawaida kundi huwa na dume mmoja mzima, majike kadhaa na watoto. Madume wachanga wakikomaa hujiondokea. Matunda, majani na wadudu wa msituni huwatosha. Ndizi na njugu wanazopewa na wageni ni wema unaowadhuru, kwani huwazoesha kunyang'anya watu.

Humu pia amezikwa Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge mwenye asili ya Goa, ambaye Waingereza walimweka kizuizini wakati wa Mau Mau. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, uhuru haujatimiza hata miaka miwili. Mauaji yake huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru. Rafiki yake Joseph Murumbi, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais mwaka 1966 kwa miezi michache tu, kisha akaachana na siasa. Alikusanya vitabu, nyaraka na sanaa za Afrika kwa bidii ambayo nchi bado inafaidi: sehemu kubwa ya hazina hiyo imo katika Nyaraka za Taifa. Alifariki mwaka 1990 na kuzikwa karibu na Pinto, kama alivyotaka. Sanamu za wasanii wa Afrika Mashariki, akiwemo Elkana Ong'esa, zimesimamishwa penye kaburi lake.

Vipande vya ardhi ya bustani vilimegwa na kupewa watu binafsi, jambo lisilo na udhuru katika jiji lenye miti inayozidi kupungua. Mwaka 2009 City Park ilitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa. Ulinzi huo unawahusu kima kama unavyoyahusu makaburi, maana barabara na majumba yamewazunguka pande zote.