Mwenyeji na Wageni Wake: Habari za Kugawa Kumbukumbu ya Kompyuta

Katika nchi ya Wasukuma, na Bariadi imo ndani yake, mfugaji mwenye busara hakuwaachia ng'ombe wake majani yote ya mbuga. Sehemu moja aliifunga tangu mvua zilipoanza, wala haikuguswa mpaka kiangazi kilipokaza. Ndipo ilipofunguliwa kwa ndama, kwa wagonjwa, na kwa maksai wa kulimia. Hifadhi hiyo huitwa ngitili. Pasipo ngitili, makundi yakizidi majani, kila ng'ombe hutembea mbali zaidi kutafuta lishe na hutumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Kundi zima huonekana lina shughuli kubwa, lakini maziwa hayapo.

Mtu aliyewahi kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja aijua hali hiyo. Kwa programu maalumu, mashine moja ya chuma yaweza kujifanya mashine nyingi, kila moja na mfumo wake wa uendeshaji, nazo huitwa mashine pepe. Ile ya chuma ni mwenyeji. Zile pepe ni wageni wake, na kila mgeni hudhani kuwa nyumba yote ni yake. Taabu huanza wote wanapotaka kazi kwa wakati mmoja: taa ya diski haizimiki, kishale chaganda, na kazi ya dakika moja yachukua saa. Wengi hulaumu uzee wa mashine. Walakini taabu hii ilijulikana, na dawa yake ikapatikana, wakati kompyuta moja ilipokuwa bado inajaza chumba kizima.

Mwanzo wake ulikuwa Manchester, Uingereza, ambako kompyuta iliyoitwa Atlas ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Iliundwa na Chuo Kikuu cha Manchester pamoja na kampuni ya Ferranti, chini ya uongozi wa Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya haraka, iliyofanywa kwa vipete vya sumaku, ilichukua maneno 16,384 tu, nayo ilikuwa ghali mno. Pipa la sumaku lilichukua maneno 98,304, lakini lilikuwa la polepole. Kilburn na wenzake waliigawa kazi yote katika kurasa za maneno 512. Mashine yenyewe ilileta ukurasa uliohitajiwa kutoka kwenye pipa, na kuurudisha ule ambao, kwa kuangalia matumizi yaliyopita, ulielekea kutohitajiwa karibuni. Mwandishi wa programu aliona ghala moja kubwa, ingawa kurasa 32 tu ndizo zilizoweza kukaa ndani kwa wakati mmoja.

Ghala hilo kubwa lilikuwa la kukopa. Mashine za namna hii zilipoanza kuhudumia watu wengi kwa pamoja, ilionekana jambo la ajabu: mtu mmoja aliongezwa, na kazi ya wote ikakaribia kusimama. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza sababu yake. Kila programu, kwa kipindi fulani, ina kurasa inazozitumia kweli. Jumla ya kurasa hizo ikizidi kumbukumbu iliyopo, kila programu humtolea mwenzake ukurasa ambao huyo mwenzake atauhitaji mara moja, na mashine haifanyi tena kazi ila kuhamisha mizigo. Kuongeza kasi ya kichakataji hakusaidii kitu. Yapasa kupunguza kundi, au kuongeza malisho.

Wakati huohuo mafundi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa na mfumo ulioitwa CP-40, ulioanza kutumika mwaka 1967. Uliweza kuendesha mashine pepe 14, kila moja ikijiona ina kilobaiti 256, ilhali kompyuta ya aina ile haikuweza kuwa na zaidi ya kilobaiti 256 kwa jumla. Mwaka 1972 ufundi huo uliuzwa kwa wateja wote kwa jina la VM/370.

Tanzania haikuwa mbali na habari hizi kama inavyodhaniwa. Idara ya kompyuta ya Ferranti ilinunuliwa mwaka 1963 na kampuni ya ICT, na kompyuta ya ICT, aina ya 1500, ndiyo iliyowekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, ikiwa ya kwanza nchini. Ufundi wa Atlas haukuwamo. Mwaka 1974, baada ya kazi ya hesabu za serikali kwa mashine kuharibika, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Mwezi wa Julai mwaka uleule Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo kichakataji hakina budi kuyatimiza ili kiweze kubeba mashine pepe.

Marufuku ile imelaumiwa sana kwa kuwachelewesha mafundi wa Tanzania. Katika jambo hili lawama ina haki nusu tu. Kompyuta ndogo zilizoenea duniani katika miaka ya 1980 zilikuwa na vichakataji vya Intel visivyotimiza masharti ya Popek na Goldberg, na mashine pepe zikabaki katika mashine kubwa za IBM. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa tena, wenye kompyuta ndogo wa London na wa Mwanza walikuwa sawa katika kutoujua ufundi huo.

Ngitili nazo zilipatwa na usahaulifu wa namna hiyo. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, nyingi ziliachwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliurudisha utaratibu wa wazee katika mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa wilaya yake mpaka mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Hekta 600 hivi zikawa zaidi ya 300,000.

Mashine pepe zilirudi mwaka 1999, kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, ilipotoa programu ya kuziendesha katika kompyuta ndogo. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa kampuni hiyo alieleza hila nzuri. Ndani ya kila mgeni huwekwa programu ndogo mfano wa puto. Mwenyeji akibanwa hulijaza puto hilo. Mgeni, akiona nafasi yapungua, huchagua mwenyewe kurasa asizozihitaji na kuziacha. Mwenyeji hajui ukurasa upi ni wa thamani kwa mgeni, lakini mgeni ajua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kwa mwanafunzi wa Bariadi hesabu hii si mchezo, maana hawezi kununua kompyuta tatu ili ajifunze jinsi tatu zinavyozungumza. Ana moja, yenye gigabaiti 8, na huwapa wageni wawili gigabaiti 4 kila mmoja. Jumla yaonekana sawa, kumbe mwenyeji hakuhesabiwa. Naye mwenyeji akikosa nafasi hukimbilia diski. Na kama kuchota kitu katika kumbukumbu kungechukua dakika moja, kukichota katika diski ya kuzunguka kungechukua zaidi ya miezi miwili. Kumnyima mgeni kupita kiasi nako ni kosa: mgeni atautupa ukurasa kwenye diski yake, na mwenyeji autupe tena kwenye diski ya kwake, mzigo mmoja kubebwa mara mbili, kama Goldberg na mwenzake walivyoonya mwaka 1974. Mgeni wa Linux asiye na madirisha hutosheka na gigabaiti 1. Mwingine apewe 3. 4 zibaki kwa mwenyeji, na kivinjari kifungwe. Akimtaka mgeni wa tatu, amlaze kwanza mmoja wa wale wawili: hali yake yote huandikwa kwenye diski mara moja, kwa utaratibu, na nafasi yake humrudia mwenyeji mpaka atakapoamshwa.