Nishani Zilizokosa Majina

Mkusanyaji mzoefu akipewa nishani ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza, huipita sura ya Mfalme George wa Tano na kuigeuza ubavu asome ukingo. Hapo, kwa herufi ndogo, pamegongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Akikuta K.A.R., anajua ameshika mali ya askari wa Keya.

Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki, Uganda na Nyasaland. Nembo yake ilikuwa baragumu, na vitu vyake, tangu beji za kofia hadi vifungo vya sare, vina soko hadi leo. Nishani zake za fedha zimepungua, kwani bei ya fedha ilipopanda sana kati ya 1979 na 1980, nishani nyingi za aina hiyo ziliyeyushwa pamoja na majina yake.

Upande wa Wajerumani, kinachogombewa zaidi ni sarafu. Meli za Uingereza zilipofunga pwani, koloni lao la Afrika Mashariki liliishiwa pesa, na mwaka 1916 karakana ya reli karibu na Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitoka heller 20 za shaba, kisha rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Leo sarafu moja ya dhahabu huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola.

Vita Kuu ya Pili iliwapeleka Keya Ethiopia, Madagaska na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba. Askari wake walistahili Nyota ya Burma, yenye ncha sita na utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Lakini safari hii Uingereza ilitoa nyota bila kuchonga majina, ilhali Australia na Afrika Kusini ziliwachongea askari wao.

Ndiyo maana Nyota ya Burma iliyo peke yake hununuliwa kwa bei ndogo: hakuna awezaye kuthibitisha ilikuwa ya nani, na nakala za kuigiza ni nyingi. Ikiambatana na cheti cha kutoka jeshini, picha au barua, thamani yake hubadilika, kwa mwanahistoria na kwa mnunuzi pia. Familia zenye nyota kabatini ziandike jina la babu, kikosi chake na mahali alipopigana, na karatasi hiyo ikae na nishani. Zikiuza bila hivyo, atakayenunua atapata kipande cha metali na utepe tu.