Konyeza Aliyekataa Kufa (Sehemu ya Kwanza)

Ngoja kwanza, usikimbilie ukurasa wa michezo. Nina kisa cha mzee aliyerudi utotoni, na mzee mwenyewe si binadamu.

Ni konyeza.

Naam, yavuyavu, jamaa wa yule anayekuwasha mapajani ukienda kuoga baharini. Ila huyu wetu hafikii hata punje ya mchele: upana wake ni kama milimita 4 na nusu. Ukiutazama mwili wake unaona hadi upande wa pili, na katikati tumbo jekundu.

Twende Rapallo, Italia, mwaka 1988.

Mwanafunzi Mjerumani, Christian Sommer, anavua viumbe vidogo vya baharini. Miongoni mwao wamo konyeza wa aina hii, naye anawaweka kwenye visahani vya kioo ili atazame wanavyozaana. Kazi ya kawaida kabisa. Maskini, hajui kinachomsubiri!

Hapa lazima nikudokeze jambo, la sivyo hutashtuka inavyopasa. Kwa kawaida konyeza hazaliwi na mwavuli wake. Yai hutoa kiluwiluwi, naye huogelea akatafuta mwamba wa kujishikiza. Hapo hugeuka polipu: kijishina chenye mikono, kinakula na kujiongeza taratibu. Polipu akishiba huchipua konyeza wadogo, nao hujiachia majini, wakakua, wakazaa.

Halafu? Kifo. Wengi hawatimizi mwaka.

Umenipata? Polipu kwanza, konyeza baadaye, kaburi mwisho. Hakuna kurudi nyuma.

Basi Sommer akachungulia visahani vyake.

Mikono ya konyeza imenywea. Mwavuli umejikunja. Wamezama chini, wamebaki vidonge vya nyama visivyo na umbo.

Wamekufa? Mimi ningemwaga maji nikaosha vyombo. Ndiyo maana mimi si mwanasayansi.

Siku chache zikapita. Kidonge kikatoa kitu mfano wa mizizi. Mizizi ikatoa kishina. Kishina kikaota mikono...

Polipu!

Hebu fikiria babu kavunjika nyonga, wanawe wameshanunua sanda, na asubuhi wanamkuta kitandani kichanga, analilia ziwa. Utampigia nani simu?

Mwaka 1996 watafiti wakachapisha ushahidi: hata aliyekomaa kabisa, aliyefikia kuzaa, hurudi. Mtese kwa njaa, mjeruhi, badilisha joto la maji, naye hujikunja akaanza upya. Seli iliyokuwa ya msuli inaacha kazi yake na kushika nyingine.

Mara moja tu? Thubutu! Huko Shirahama, Japani, mtafiti Shin Kubota alifuga kundi lililozaliwa upya mara 10 katika miaka miwili.

Najua unachotaka kuuliza. Kama hafi, mbona bahari haijajaa konyeza? Kwa sababu samaki hajali una umri gani. Akikumeza, umekwisha.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo patamu.

Konyeza huyu ana ndugu wa damu. Sura ile ile, maisha yale yale. Ila ndugu akishazaa, basi. Harudi, anakufa kama wengine.

Mwaka 2022 watafiti wa Oviedo, Hispania, wakatangaza kwamba wamewapekua ndugu hawa wawili, jeni kwa jeni. Mmoja ana nini ambacho mwenziwe amenyimwa?

Waliweka maandishi ya jeni za huyu kando ya maandishi ya jeni za yule. Wakaanza kuhesabu nakala za kila jeni.

Na hesabu za ndugu hawa zikakataa kulingana...

Itaendelea Jumamosi ijayo.