Burashi ya ndevu iliyoleta kimeta: historia ya blaireau na bei yake

Mwezi wa nne mwaka 2025, maiti za viboko zilionekana zikielea kwenye mto Ishasha, ndani ya mbuga ya Virunga, zikichukuliwa na maji kuelekea ziwa Edouard. Viboko wapatao 50 walikufa, na nyati pamoja nao. Vipimo vilionyesha kimeta, ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa charbon. Wasimamizi wa mbuga waliwaomba raia wasikaribie mizoga na wachemshe maji kabla ya kuyatumia.

Kwa mfugaji wa Rutshuru au Masisi, kimeta ni jambo la ng'ombe, ngozi na nyama. Lakini miaka zaidi ya 100 iliyopita, huko Uingereza na Marekani, ugonjwa huo huo uliingia katika nyumba za watu kwa mlango ambao hakuna aliyeufikiria. Uliingia kwa burashi ndogo ya kupakia povu la sabuni kwenye ndevu.

Burashi hiyo bado inauzwa sokoni. Na mtu aliyekimbia vita, akiacha nyumba na kila kilichokuwemo, huanza tena kununua vitu kimoja kimoja: sufuria, beseni, sabuni, wembe. Anachagua cha bei ya chini, na ana haki. Historia ya burashi inaonyesha kwamba bei ya chini peke yake haikuua mtu. Waliokufa waliuziwa kitu kilichovishwa sura ya kitu kingine, wakati ambapo vita ilikuwa imekata njia za biashara.

Tuanze na jina. Kwa Kifaransa burashi ya ndevu inaitwa blaireau, na blaireau ni mnyama. Anaishi Ulaya na Asia, anachimba mashimo ardhini, anatembea usiku, na uso wake una mistari myeupe na myeusi. Ni wa ukoo mmoja na nyegere wa huku kwetu, yule mwizi wa asali. Nywele zake ni laini kwenye ncha na zinashika maji vizuri, ndiyo maana mafundi wa Ufaransa walizipenda kwa kazi hii. Hivyo jina la mnyama likageuka kuwa jina la kifaa. Leo kijana anaweza kununua blaireau ya plastiki tupu bila kujua kwamba anataja jina la mnyama.

Kabla ya hapo watu walipaka sabuni kwa mkono, au kinyozi aliwapaka. Kujinyoa mwenyewe halikuwa jambo la kila mtu, kwa kuwa wembe wa zamani ulikuwa kisu kirefu kilicho wazi, na mkono ukitetemeka shavu linakatika. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kufundisha wanaume namna ya kujinyoa wenyewe. Katika karne hiyo ya 18 burashi ilianza kuenea nchini Ufaransa, na baadaye ikafika kwa wengine.

Lakini wengi waliendelea kwenda kwa kinyozi, na hapo tatizo la kwanza lilijulikana mapema. Burashi moja ilipita katika nyuso za watu kumi kwa siku, na vipele vya ndevu vilipita pamoja nayo. Katika miji ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, wateja wenye uwezo walianza kuweka kwa kinyozi kikombe chao wenyewe cha sabuni, kimeandikwa jina kwa rangi ya dhahabu. Vingine vilichorwa kazi ya mwenyewe: mchinjaji alichorewa ng'ombe, mwenye mkokoteni alichorewa farasi. Vikombe hivyo vilipangwa ukutani kama sahani katika kabati la mama. Wasio na uwezo walipakwa kwa kikombe cha wote.

Kisha ikaja vita ya 1914, ile ile iliyowafikisha askari wa Force publique hadi Tabora mwaka 1916. Kule Ulaya, tarehe 22 mwezi wa nne 1915, Wajerumani walitoa gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji. Tangu siku hiyo askari walihitaji kinyago cha kuzuia gesi. Kinyago kinapaswa kushikamana na ngozi, na ndevu nyingi zinaacha nafasi ambapo gesi inapita. Basi kunyoa, ambako kulikuwa jambo la usafi na adabu ya jeshi, kukawa jambo la kuishi au kufa. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza kwa kampuni ya Gillette mashine za kunyolea milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Pamoja na mashine, kila askari alihitaji sabuni na burashi.

Burashi za mamilioni ya watu kwa mara moja! Nywele za blaireau zilikuwa chache na za bei hata wakati wa amani. Viwanda vikageukia nywele za farasi, zile za mkia na za shingoni, ambazo zilipatikana kwa wingi Urusi, China na sehemu nyingine za Asia. Nywele za farasi zenyewe si mbaya. Shida ilikuwa mbili, na zote zilikutana wakati mmoja.

Kwanza, kabla ya vita sehemu kubwa ya nywele hizo zilipita Ulaya, ambako zilisafishwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa burashi. Vita ilifunga njia hiyo. Nywele zikaanza kutoka Asia moja kwa moja hadi viwandani, na nyingi hazikupitia usafishaji wa namna hiyo.

Pili, wanunuzi walitaka blaireau. Watengenezaji wakachukua nywele za farasi, wakazitoa rangi, wakazitia nyingine kusudi zifanane na za blaireau: ncha nyeupe, katikati nyeusi. Zikauzwa kama burashi za kuiga. Rangi haiui kimeta. Nywele zilionekana safi kabisa.

Hapa inafaa kueleza ugonjwa wenyewe. Kijidudu cha kimeta kinapotoka katika mwili wa mnyama aliyekufa, hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Muganga Mjerumani Robert Koch alieleza jambo hilo mwaka 1876. Ndani ya ganda hilo kijidudu kinaweza kukaa ardhini, katika ngozi au katika nywele kwa miaka makumi, bila maji na bila chakula. Kinangoja tu kuingia katika mwili. Na hakuna mahali panapomfungulia mlango kuliko uso unaonyolewa. Burashi inasugua, wembe unakata kidogo, mchubuko ambao mtu hata hauoni, na kijidudu kimeingia.

Baada ya siku chache kinatokea kipele kwenye shavu, kidevu au shingo. Kwa kawaida hakiumi, na hapo ndipo hatari yake, kwa kuwa mtu anakidharau. Kinavimba, kisha katikati panakuwa peusi kama kaa. Jina anthrax ni neno la Kigiriki la makaa, na charbon ya Wafaransa ina maana hiyo hiyo. Zamani zile penisilini haikuwepo bado. Kidonda cha usoni na shingoni kilikuwa kibaya kuliko cha mkononi, kwa sababu uvimbe wa shingo unaweza kumziba mtu pumzi, na ugonjwa ukiingia katika damu, mgonjwa alikufa kwa siku chache.

Wagonjwa wa kwanza waliwachanganya waganga. Kimeta kilijulikana kuwa ugonjwa wa wachinjaji, watengeneza ngozi na wachambuzi wa sufu katika viwanda vya Bradford, Uingereza. Sasa kilionekana kwa askari ambao hawajagusa mzoga, na kwa raia wa mjini wenye kazi za ofisi. Waliulizwa maswali mengi, na wengi walirudia jambo moja: walikuwa wamenunua au kupewa burashi mpya. Burashi zilipopimwa, kimeta kilipatikana ndani ya nywele. Katika miaka ya vita na ile iliyofuata, watu zaidi ya 200 waliripotiwa kuugua kwa njia hii, wengi wao askari wa Marekani na Uingereza.

Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1920 kuingiza burashi za ndevu kutoka Japani, baada ya wagonjwa kadhaa kuhusishwa nazo. Sheria ya kuzuia kimeta ilikuwa imepitishwa mwaka 1919, na serikali ikafungua Liverpool kituo cha kuua vijidudu katika sufu iliyotoka nje. Watengenezaji wa burashi wakaanza kupiga muhuri kwenye mpini kwamba nywele zimetakaswa. Kufikia miaka ya 1930 ugonjwa wa burashi ulikuwa umekwisha kabisa au karibu kabisa.

Tena mwaka 1938 kampuni ya Marekani ya DuPont ilianza kuuza nailoni kwa ajili ya burashi za meno. Uzi uliotoka kiwandani ulichukua nafasi ya nywele za nguruwe. Burashi za ndevu zikafuata. Za mwanzo hazikupendwa: zilikuwa ngumu na hazikushika maji. Za siku hizi ni laini sana, nyingine zimetiwa rangi ya blaireau ile ile iliyoigwa na farasi wakati wa vita. Tofauti ni kwamba safari hii anayeiga hana mnyama yeyote ndani yake.

Ndiyo sababu mwenye franga kidogo leo yuko katika hali nzuri kuliko askari wa 1918. Burashi ya nailoni, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kabisa, haiwezi kubeba kimeta kutoka kwa farasi, na inakauka haraka. Inayofuata kwa bei ni ya nywele za nguruwe. Hiyo ni ngumu mwanzoni na ina harufu, lakini ikilowekwa dakika chache katika maji ya uvuguvugu kabla ya kunyoa, na ikitumiwa wiki kadhaa, ncha zake hupasuka na kulainika. Ni burashi ya kudumu. Ile ya blaireau halisi ni starehe, na mtu asiye na nyumba hana haja ya kuitafuta. Nywele za farasi nazo bado zinatumika, hasa Uhispania, zikiwa zimesafishwa inavyotakiwa.

Mwuzaji akisema ni nywele halisi, na mnunuzi ana mashaka, uzi mmoja uliong'oka unatosha kujua. Ukichomwa kwa kiberiti, nywele ya mnyama inanuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu. Ya plastiki inayeyuka na kuwa kijipira kigumu. Kisha anashika nywele kwa vidole na kuvuta taratibu: zikitoka nyingi, gundi ni mbaya, na burashi hiyo haitamaliza mwezi.

Ya kuepuka ni burashi kuukuu ya nywele za mnyama, isiyojulikana ilitoka wapi, hasa ile inayosifiwa kuwa ya zamani za wazungu. Mwaka 2017 wataalamu wa afya wa Marekani waliandika onyo juu ya burashi za namna hiyo, kwa sababu huko watu wamerudia kupenda vifaa vya mababu. Hatari ni ndogo, lakini haina faida yoyote ya kuikubali. Kuichemsha nyumbani si dawa ya kuaminika, na maji ya moto yanaharibu gundi.

Kwa familia iliyohama, hata hivyo, kimeta si hofu ya kwanza. Hofu ya kwanza ni wembe. Baba, mtoto mkubwa na mjomba wakinyolewa kwa wembe mmoja, damu isiyoonekana kwa macho inaweza kupitisha ukimwi na homa ya ini ya aina B. Burashi ya pamoja nayo hupitisha ukungu wa ngozi na vipele, kama ilivyokuwa kwa vinyozi wa zamani. Kinyozi anayefanya kazi chini ya mti au hema anaweza kumwomba kila mteja alete wembe wake, na kupaka povu kwa mkono uliooshwa kwa sabuni, kazi ambayo mkono uliifanya vizuri kabla ya mafundi wa Ufaransa kumjua blaireau.

Basi kama franga zinatosha kitu kimoja tu, zinunue nyembe, moja kwa kila mwanaume wa nyumba. Burashi itafuata mwezi mwingine. Ikishapatikana, baada ya kunyoa inaoshwa kwa maji safi, inakung'utwa, na kutundikwa nywele zikitazama chini mahali penye upepo. Ikifungiwa ingali na maji ndani ya mfuko wa plastiki kwenye hema, itaota ukungu, hata ile ya bei ghali.